Aibu ya kuitwa mjinga

Ndugu mwandishi, katika makala yako mateso yote ya Wakristo umeyaweka kwenye risasi na panga. Sisi wa Burungu tunajua kuna aibu inayotangulia: kuitwa mjinga. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa matabishi, yaani hongo, ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni. Akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenyeheri kule Roma, nasi tukashangilia sana. Ila Mkristo anayekataa matabishi leo, kwenye bariere ya barabarani au ofisini, anachekwa hata na watu wa nyumba yake. Mapadri na wachungaji wetu, mtajeni Mkristo huyo Jumapili angali hai.