Shati la ofisi lishonwe kwa kipimo cha mvaaji

Hapana shaka baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wataona ajabu kwamba mtu wa Kakuma, mahali panapotajwa magazetini kwa ukame na wakimbizi tu, ameketi kuandika habari za mashati. Wataniuliza: kwani huko kuna maofisi? Nawajibu kuwa yako, tena si machache. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo mashirika ya kila aina yamefungua milango yake hapa. Zilipoanza serikali za kaunti mwaka 2013, Lodwar ikawa makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na kazi za kalamu zikaongezeka. Leo tunao makarani, walimu, wahasibu na wakalimani, wenyeji kwa wageni. Na kila mmoja wao, kunapokucha, hukabiliwa na swali moja: nivae shati gani?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Mimi nami nililiona dogo mpaka mwaka jana, lilipomfika mpwa wangu.

Kijana huyu ni mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu, kama walivyo wengi wetu huku. Alisomea uhasibu Eldoret na kurudi nyumbani na cheti chake. Akaitwa kwenye mahojiano ya kazi huko Lodwar. Siku mbili kabla ya safari alikwenda sokoni akanunua shati jeupe la mtumba kwa shilingi 250. Shingoni lilimkaa vizuri. Lakini mikono ya shati iliishia vidole vinne kabla ya kifundo cha mkono wake, na kiunoni lilimpwaya kama hema lililokatika kamba. Hakuwa na fedha za shati jingine. Akapanda gari, akaenda.

Aliporudi nilimwuliza mambo yalikwendaje. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mjomba, muda wote nilificha mikono chini ya meza."

Kijana huyu ni mtu wa kuzungumza kwa mikono. Umwulize jambo la hesabu, atakuchorea daftari zima hewani. Siku ile aliulizwa aeleze jinsi daftari la fedha linavyolinganishwa na taarifa ya benki, jambo analolijua kama jina lake. Akainua mkono kueleza, mmoja wa waliokuwa wakimhoji akautazama mkono wa shati, akatabasamu. Kijana akaurudisha mkono chini ya meza, na maneno nayo yakapotea. Kazi hakuipata.

Sitasema kwamba aliikosa kazi kwa sababu ya shati. Huenda aliyeipata alimzidi kwa elimu na uzoefu, na ikiwa ni hivyo alistahili. Lakini najua kwamba mpwa wangu alikwenda Lodwar kuonyesha elimu yake, badala yake akashinda anaficha vifundo vya mikono. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

MASHATI HUPIMWA SHINGONI

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini mashati haya hayatutoshi. Shati la ofisi linaloshonwa kiwandani aghalabu hupimwa kwa shingo: inchi 15, 16, 17 na kuendelea. Upana wa kifua na urefu wa mikono hufuata kwa kukisia: mwenye shingo kadha bila shaka ana kifua kadha na mkono kadha. Makisio hayo yalifanywa kwa miili ya watu wa nchi nyingine, ambao ndio waliovaa mashati hayo kwanza.

Mtu mwenye shingo nyembamba na mikono mirefu hayumo katika makisio hayo. Akichagua la inchi 15, mikono inakuwa mifupi. Akichagua la inchi 17 ili apate mikono, kola inamning'inia kama kamba kwenye shingo ya mbuzi, na mabega yanamporomoka hadi kwenye misuli. Si Waturkana peke yao. Majirani zetu Wadinka na Wanuer waliotoka Sudan Kusini wana tatizo hilohilo. Na mtu mfupi mnene naye ana lake: akipata la kumtosha tumboni, mikono inamfunika vidole.

Tena tukumbuke kwamba robota husafiri mbali kabla ya kutufikia. Kule Gikomba, Nairobi, nguo nzuri za kwanza huitwa kamera, na wajuzi huziwahi alfajiri. Kadiri mzigo unavyopita kutoka mji hadi mji, ndivyo yale mazuri yanavyopungua.

Hata hivyo, mimi si katika wale wanaotaka mitumba ipigwe marufuku. Ni kweli kwamba zamani Mkenya aliweza kuvaa shati la kitambaa kilichofumwa hapa nchini, kutoka Rivatex ya Eldoret au Kicomi ya Kisumu. Ni kweli pia kwamba milango ya biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba na vitambaa vya nje viliingia kwa wingi na viwanda vyetu vikaanguka kimoja baada ya kingine. Rivatex yenyewe ilikuja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ili ifufuliwe. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzifungia soko nchi hizo, na Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru.

Kwa hiyo robota litakuwa nasi kwa muda. Na mwalimu wa shule ya kambini, ambaye ni mkimbizi na hulipwa posho tu wala si mshahara, angevaa nini kama si shati la shilingi 250? Lawama yangu haiko kwa robota. Iko kwetu sisi tunaolivaa shati kama lilivyotoka ndani yake, utadhani lilishonwa kwa amri ya Mungu.

SOMO LA FUNDI

Baada ya mahojiano yale nilimchukua mpwa wangu tukaenda Kakuma 1, kambini, kwa fundi mmoja mzee kutoka Kongo. Nilibeba lile shati jeupe. Fundi alilitazama, akamtazama kijana, akacheka. "Mzee," akaniambia, "hii shati ni ya mutu munene. Mutoto wako ni murefu."

Kisha akatufundisha mambo ambayo naona yafaa kila mfanyakazi wa ofisi ayajue kabla ya kutoa shilingi yake. Kwanza, tazama mabega. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega. Ukishuka chini yake, liache shati hilo, kwa kuwa kurekebisha mabega ni kazi ngumu na ghali. Pili, funga kifungo cha juu. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, si zaidi. Tatu, kunja mkono wako. Mwisho wa mkono wa shati ubaki penye kifundo, usipande. Upana wa mwili usikutishe hata kidogo, maana fundi atapunguza mbavuni na kuweka mikunjo miwili mgongoni. Lakini mikono hukatwa, hairefushwi.

Basi dawa ya mikono mifupi ni nini? Ni kuifanya iwe mifupi kwa makusudi! Fundi aliikata juu ya kiwiko, akaipinda vizuri, akapunguza mbavu. Kile kipande kilichobaki cha mkono hakukitupa. Alikitumia kufunika kola, iliyokuwa imeanza kuchakaa. Alitudai shilingi 150. Kwa shilingi 400 kwa jumla, kijana akawa na shati safi la mikono mifupi lililomkaa kama lake.

Siku hiyohiyo tuliagiza na la mikono mirefu, jipya. Kitambaa mita mbili na nusu, kila mita shilingi 300. Ufundi shilingi 600. Jumla 1,350. Wiki moja kabla yake nilikuwa nimeona dukani shati jipya lililoshonwa tayari kwa shilingi 1,800, na mikono yake ilikuwa mifupi vilevile. Fundi alitushauri tuchague pamba, au kitambaa ambacho sehemu yake kubwa ni pamba, kwa kuwa nailoni na jamaa zake hushika jasho. Akatuagiza tukifue kabla ya kukatwa, kwani pamba hupungua ikiguswa na maji.

Najua msomaji atasema: mafundi hawa ni waongo, kila siku ni "njoo kesho". Sikatai. Hata mimi nimewahi kuzungushwa na fundi hadi sikukuu ikapita. Lakini nimejifunza kwamba anayepeleka kitambaa mapema, akatoa malipo ya kwanza, wakaandikiana siku, naye akarudi kujaribu nguo kabla haijamalizika, husumbuliwa mara chache. Anayekimbilia kwa fundi jioni ya kuamkia mahojiano amejitafutia mwenyewe.

WAKUBWA WA MAOFISI

Sasa nina neno kwa wakubwa wa maofisi. Kakuma na Lodwar joto hufika nyuzi 35 na kupita. Ofisi nyingi zimeezekwa mabati. Lakini bado kuna wakubwa wanaomtaka karani avae mikono mirefu, afunge kola na kukaza tai, kwa kuwa ndivyo walivyoona Nairobi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu huko huvaa sweta! Hii ni kasumba. Hata maafisa wa kikoloni waliotuletea shati hilo walivaa huku mikono mifupi na kaptura, na hakuna aliyewaambia kwamba wamekosa adabu.

Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, zile zinazoitwa kwa jina la rais wa kwanza wa Zambia, akataka koti, kola na tai. Bunge lina kanuni zake, na mimi si mbunge. Ninachoomba ni kwamba ofisi ya mabati ya Kakuma isijione bunge. Shati la mikono mifupi, safi, lililopigwa pasi na kumkaa mvaaji, lina heshima kuliko la mikono mirefu lililoloa jasho mgongoni saa nne ya asubuhi.

Tena Oktoba 2019 serikali iliagiza watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa. Lilikuwa wazo jema. Kwetu huku nguo hiyo haina haja ya kutoka mbali. Vijana wengi, wenyeji na wakimbizi, wamefundishwa kushona katika madarasa ya ufundi ya hapa Kakuma, na nimewaona wameketi nyuma ya vyerehani wakingoja wateja, huku sare za walinzi na madereva zikiagizwa kutoka miji ya mbali, zikifika na mikono mifupi ileile. Ofisi moja ikiwapa mafundi hao sare zake za mwaka mmoja tu, itakuwa imewasaidia kuliko semina kumi.

Mpwa wangu ameitwa tena Lodwar, mwezi ujao. Mashati yake mawili yametundikwa ukutani, na ameniambia atavaa lile la mikono mifupi. Kama atapata kazi au atakosa, hilo liko kwa wenye kuamua. Lakini safari hii mikono itakuwa juu ya meza.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Tusione haya kwa sababu miili yetu haikuingia katika makisio ya kiwanda cha ng'ambo. Nunua mtumba ukipenda, ila usiuvae kabla haujapita kwa fundi. Na wewe mkubwa unayehoji vijana, ukiona mkono wa shati umeishia njiani, jizuie kutabasamu, umwulize hesabu.