"Come out of" ilinikula 6,200

KCSE Kiingereza nilipata A-. Nasema mapema ndio mtu asikuje hapa chini kuniambia eti niliacha campo ndio maana sielewi barua.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya video tatu, 15,000. Kwa barua pepe yao kulikuwa na sentensi moja: "Any costs you run up will come out of your fee." Niliisoma mbio nikafurahi. Kwa kichwa yangu pesa "ikitoka" ni habari njema. HELB ikitoka, hosteli nzima inapiga nduru. So nikajua gharama zangu zitatoka pamoja na malipo. Nikakodi taa, nikapanda teksi badala ya mathree, nikanunulia jamaa wa kamera lunch ya maana. Jumla 6,200.

Wakatuma 8,800.

Jamaa wa kamera nilikuwa nimemwahidi 5,000, na sikuwa namnyima jasho lake. Nilibaki na 3,800 na mwenye nyumba kwa mlango.

Sentensi yao ilikuwa sawa, hiyo nakubali. Shida ni vile tulifunzwa. Karatasi ya pili, unapewa "put" ama "give", unajaza "up" ama "off", maksi moja, unasonga. Hakuna siku mwalimu aliweka bei kando ya hivyo vineno. Na hapo ndipo pesa hukaa! Kiswahili kinaweka hesabu ndani ya kitenzi chenyewe: kata, ongeza, punguza, jumlisha. Kiingereza kinaiweka kwa mkia. Ukiambiwa bili "comes to" 15,000, hiyo ni jumla. Bei "comes down to" 15,000, imeshuka. Kitu "comes out of" 15,000, unakatwa, boss. Kitenzi ni kilekile. "Run up" ni deni kupanda, "run out" ni kuishiwa. "Knock off 2,000" haina uhusiano na viatu feki, wanataka uwapunguzie. Na ile mbaya kuliko zote, "it set me back 3,000". Ukitafsiri kichwani unadhani mtu alirudishiwa 3,000, kumbe ndiyo imemtoka.

Najua kuna mtu atasema tudai mikataba kwa Kiswahili. Poa, anza wewe. Wenye doo bado wanaandika Kiingereza, na mimi nakula kwao. Afadhali watoto wa sekondari wafunzwe hivi vitu na risiti mkononi, nani analipa na nani anakatwa, kuliko kujaza mapengo.

Mimi siku hizi sikubali kazi kabla sijageuza sentensi yao kuwa namba na kuwarudishia. Juzi kampuni ingine imeniandikia "we could stretch to 18k". Nikajibu: kwa hivyo kwa simu yangu inaingia 18,000 kamili, na teksi mnalipa nyinyi?

Wamesoma. Hawajajibu tangu Jumanne.