PAIPU MBILI ZA GIABOKSI: TUSIMKATE DEREVA, TUJIFUNZE

Ndugu wanaushirika,

Mkutano wetu mkuu umekaribia, na maneno yamekuwa mengi barazani, kisimani na kule mnadani kwa samaki. Wengi wanasema dereva akatwe mshahara mpaka giaboksi ya Noah yetu ilipwe yote. Wengine wanasema gari iuzwe, tutafute ya gia za mkono, yaishe. Mimi nina maoni yangu. Nayaandika hapa ukutani ili kila mtu ayasome kwa nafasi yake kabla hatujanyoosha mikono.

Kwanza nieleze lililotokea, maana linasimuliwa vibaya. Rejeta ilikuwa inavuja. Tukaipeleka gari kwenye gereji moja huko mjini Tanga, tukafungiwa rejeta nyingine iliyotumika. Kumbe rejeta ile ilitoka kwenye gari ya gia za mkono. Kimo kilikuwa sawa, bolti zilikaa, maji yalijaa bila kuvuja. Lakini kwa chini zilibaki paipu mbili nyembamba, hazina pa kuingia. Fundi akachukua kipande cha mpira, akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, akakaza klipu. Tulipouliza, tukaambiwa hizo ni za ziada. Tukalipa, tukaondoka.

Huku kwetu pwani njia ni tambarare, gari ikaenda vizuri tu. Baada ya siku chache ikatumwa Amani na mzigo wa nazi na dagaa, irudi na iliki na pilipili manga. Ilipopita Muheza na kuanza kupanda zile kona za mlimani, ikanuka kama kitu kinachoungua. Injini inanguruma, gari haivuti. Ikarudishwa kwa kukokotwa. Giaboksi ilipofunguliwa, mafuta yalikuwa meusi na sahani za ndani zimeungua.

Tangu siku hiyo mgonjwa wa usiku anakwenda hospitali kwa bodaboda. Juzi mama mjamzito alikwenda hivyo hivyo, mumewe kamshikilia kwa nyuma asianguke. Alifika salama, na tunashukuru. Lakini hatuwezi kuendesha kijiji kwa bahati.

Sasa zile paipu ni za nini? Gari ya gia za mkono ina klachi ya kukanyaga. Ya otomatiki haina. Mahali pa klachi pana chombo cha duara kilichojaa mafuta. Injini inayavuruga mafuta yale, nayo yanaisukuma giaboksi. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayobana sahani za gia. Kwa kazi hiyo yanapata joto, na mzigo ukiwa mzito mlimani joto linazidi. Kwa hiyo paipu moja inayatoa kwenye giaboksi na kuyapeleka kwenye kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya rejeta, na paipu ya pili inayarudisha. Akina mama wanaelewa hili kuliko mimi: ukitaka kupoza uji wa mtoto, unakisimamisha kikombe ndani ya bakuli la maji. Uji unapoa, na maji hayaingii. Ndivyo kipoza kinavyofanya. Paipu moja ni ya kwenda, nyingine ya kurudi. Ya ziada hakuna.

Kuzitambua si kazi ya uchawi. Nimeelezwa na fundi wa pili, na nimetazama kwa macho yangu.

Kwanza, tazama unene. Mipira miwili minene ya rejeta, mmoja juu na mmoja chini, ni ya maji, inakwenda kwenye injini. Zetu za mafuta ni nyembamba, unene wa kidole hivi, na kwenye Noah yetu zinaingia chini ya rejeta kwa vipande vifupi vya mpira, kisha zinakuwa chuma. Kwa magari mengine zinaingia ubavuni.

Pili, usidanganywe na wembamba peke yake. Ule mpira mwembamba wa juu, karibu na kifuniko cha rejeta, unakwenda kwenye chupa ya maji ya akiba. Paipu za kiyoyozi zinakwenda kwenye wavu ulio mbele ya rejeta. Hizo zina gesi yenye nguvu, usizifungue kabisa. Nyingine zinatoka kwenye kichupa cha mafuta ya usukani. Dawa ni moja: fuata paipu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa, mpaka uone inapoanzia na inapoishia. Inayotoka giaboksi na kuishia kwenye kipoza ndiyo yenyewe.

Tatu, rangi ni shahidi, si hakimu. Mafuta ya giaboksi, ambayo mafundi wengi huyaita haidroliki, mara nyingi yakiwa mapya ni mekundu kama maji ya choya. Lakini hata dawa ya maji ya rejeta huwa nyekundu kwa magari mengi ya Toyota! Basi ukiona tone jekundu chini ya gari, lidondoshe kwenye kikombe cha maji. Likielea ni mafuta. Likichanganyika ni maji ya rejeta.

Nne, yako magari ambayo kipoza kimefungwa kwenye giaboksi yenyewe, na mipira inayokwenda huko ni ya maji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi liwe hili: kipoza cha gari hii kiko wapi?

Na tano, kipoza kikioza kwa ndani, maji na mafuta yanakutana. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukaona mafuta yamekuwa kama maziwa yaliyotiwa rangi, zima gari hapo hapo. Maji yanabandua utando ulio kwenye sahani za gia, na ukilazimisha kwenda utalipa giaboksi nzima.

Sasa narudi kwa dereva. Wanaotaka akatwe wanasema alikuwapo gereji. Ni kweli. Lakini na mimi nilikuwapo, na risiti ile ina sahihi yangu. Mnajua kwamba nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Kabla ya hapo nilikuwa natia dole gumba kwenye karatasi nisiyoijua. Siku ile nilitia sahihi nzuri kabisa, lakini nilikuwa mtu wa dole gumba vile vile. Tukimkata dereva, haki ni kunikata na mimi, na halmashauri nzima iliyotutuma bila kutufundisha.

Na wale wa kuuza gari nawauliza: hiyo mpya itakuwa haina paipu? Magari ya otomatiki yanauzwa duniani tangu miaka ya 1940, na leo mengi yanayotufikia kutoka Japani ni ya namna hiyo. Tukiuza Noah, ujinga wetu utapanda kwenye hiyo gari nyingine, tena utakaa kiti cha mbele.

Kwa hiyo napendekeza mkutano ukubali haya. Dereva asikatwe. Giaboksi itengenezwe kwa fedha za ushirika, na rejeta inunuliwe yenye midomo miwili midogo ya mafuta, tuione kwa macho kabla ya kutoa pesa. Paipu zote za gari zipigwe alama ya rangi: za mafuta nyekundu, mipira ya maji nyeupe. Kabla fundi hajafungua kitu, zipigwe picha kwa simu, na iandikwe kwenye daftari la gari kila paipu inatoka wapi na inakwenda wapi. Tena, Jumamosi moja tukusanyike chini ya mwembe, boneti ifunguliwe, vijana na akina mama waje washike wenyewe. Yule fundi wa pili amekubali kuja kwa nauli tu.

Atasema mtu, mambo ya ufundi tuwaachie mafundi. Ndugu yangu, spana tumwachie fundi. Lakini mali ni yetu, na mwenye mali asiyejua kuuliza huuziwa jibu lolote.

Karibuni mkutanini. Anayepinga naye aandike, ukuta una nafasi.

Wenu katika ushirika,
Katibu wa Tawi