Gari la Safari Juu ya Meza



Wazazi wengi hapa ughaibuni hulalamika kwamba watoto wao hawataki kusikia habari za nyumbani. Kwa maoni yangu watoto hawazikatai habari. Wanachokataa ni kuhutubiwa. Mpe mtoto kazi ya mikono, maswali atayaleta mwenyewe. Mwezi huu napendekeza kazi moja: kuunda kigari cha mfano cha mashindano ya Safari.

Vigari hivi huuzwa sandukuni, vipande vya plastiki vikisubiri gundi na rangi. Kipimo cha kawaida ni moja kwa ishirini na nne, yaani kila sentimita 24 za gari la kweli huwa sentimita moja. Kampuni ya Hasegawa ya Japani ilitoa mfano wa Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller. Gari lenyewe, lenye urefu unaopita mita 4 kidogo, limehifadhiwa Japani hadi leo. La kwenu litakuwa na sentimita 17 hivi.

Bodi hupakwa nyekundu, na boneti nyeusi isiyong'aa. Hapo mtoto atauliza: kwa nini nyeusi? Mwambieni ni kwa ajili ya macho ya dereva, ili mwanga usiakisiwe usoni pake. Na taa nyingi hizi? Kwa sababu walikimbia usiku na mchana katika barabara ambazo hazikufungwa, na mbele yao huenda kukawa na lori, basi au ng'ombe. Mkiunda Toyota Celica zilizoshinda kuanzia 1984 hadi 1986, mtakuta na vyuma vizito vya kuikinga sura ya gari.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Asili yake basi ni ya kikoloni, wala hakuna haja ya kuificha. Lakini mvua na matope havikumjali mkoloni wala mtawaliwa: mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho.

Habari ninayotaka hasa watoto wetu waisikie ni ya Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, alihamia Kenya. Mwaka uliofuata, ndani ya Datsun 240Z, alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, na ushindi akapewa yeye. Kisha akashinda tena kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Mtoto anayeulizwa shuleni kila siku ametoka wapi, naye hana jibu fupi, anastahili kumjua mtu huyu. Amjue pia Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akarudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mehta alifariki mwaka 2006, Joginder mwaka 2013, wote wawili hapo London. Waliowaona wakipita nao wanapungua katika majumba yetu.

Neno moja juu ya picha za kubandika, zile zinazolainishwa kwa maji. Baadhi ya magari ya zamani yalibeba matangazo ya sigara, na watengenezaji wengi sasa huyaacha. Pengo likionekana, msilipite kimya. Mwelezeni mtoto nani alikuwa akilipia mashindano hayo, na kwa bidhaa gani.

Fungueni dirisha wakati wa gundi na rangi, na msiharakishe. Jioni chache za majira ya baridi zatosha. Wengine hukiacha kigari kikimeremeta kama kimetoka dukani. Mimi naona gari la Safari lililo safi ni uongo. Baki ya rangi ya kahawia izimuliwe iwe nyepesi, ipakwe chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Lakini kabla ya kupaka, mwiteni babu au bibi mezani, aseme yeye vumbi la alikosimama lilikuwa na rangi gani. Wa Voi atataka nyekundu.