RISASI ILIYOTENGWA KWA "WASHENZI"

Kila ifikapo tarehe 27 Februari tunakusanyika pale Mahenge, Songea, kwenye makaburi ya mashujaa wetu 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Na kila mwaka hakosekani msomi wa kunong'ona pembeni, ati babu zetu walikuwa wajinga, waliamini risasi itageuka maji. Ndugu wasomaji, maneno haya tumeyachoka. Leo twataka kusema habari ya risasi yenyewe, maana wanaocheka habari ya maji wengi wao hawajui habari ya risasi.

Kiswahili chetu kinaita madini ya risasi na kinachotoka katika mtutu wa bunduki kwa jina moja, na si bure. Zamani ilikuwa risasi tupu. Madini haya ni laini, na yakigonga mfupa hubonyea. Bunduki za kisasa zilipokuja, zenye baruti kali na mwendo wa kasi, ilibidi risasi ivikwe ganda gumu ili isiharibike ndani ya mtutu. Risasi ya namna hiyo hupenya mwili na kutokea upande wa pili, na mara nyingi huacha tundu dogo. Basi Waingereza wakaona hasara! Katika vita vyao vya Chitral, mpakani mwa Bara Hindi, mwaka 1895, maofisa walilalamika kwamba adui akipigwa bado anakuja tu. Mkuu wa kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta, Kapteni Bertie-Clay, akatengeneza risasi ambayo ganda lake halifiki nchani. Ncha imeachwa wazi.

Ikiingia mwilini, ncha ile laini hufumuka kama uyoga. Risasi hupanuka, mwendo wake hupungua ghafla, na nguvu yake yote huishia ndani ya nyama na mfupa. Ziko na zile zilizotobolewa shimo nchani. Hizo hupasuliwa na unyevu wa mwili unaosukumwa ndani ya shimo kwa nguvu. Yaani maji ya mwili wa binadamu ndiyo yanayoifungua. Wawindaji wa Tunduru na Namtumbo wanaijua tofauti hii: swala hupigwa kwa risasi ya ncha laini ili afe upesi, na tembo kwa risasi ngumu ipate kupenya. Kwa mnyama tunaona sababu yake. Kwa binadamu je?

Mwaka 1899 wakubwa wa dunia walikutana The Hague kuzungumza habari za vita. Mataifa 26 yalihudhuria, na hakuna hata moja la Waafrika weusi. Liliposomwa shauri la kupiga marufuku risasi zinazopanuka, mataifa 22 yalikubali. Yaliyokataa ni mawili, Uingereza na Marekani, na Ureno haikupiga kura. Mjumbe wa Uingereza, Jenerali Sir John Ardagh, alitoa hoja ambayo kila mwanachama yafaa aijue. Alieleza kwamba askari mstaarabu akijeruhiwa huondoka vitani akatibiwe, lakini mshenzi, hata atobolewe mara mbili au tatu, huzidi kukimbilia mbele, kwa hiyo risasi ndogo haimtoshi. Hayo aliyasema mezani, mbele ya wajumbe, wala hakuona haya.

Mjerumani alikuwa upande wa waliokubali. Tumpe sifa? Hasha! Soma maandishi yenyewe. Azimio lile liliyafunga mataifa yaliyotia sahihi tu, tena yanapopigana yenyewe kwa yenyewe. Mngoni hakutia sahihi, Mmatumbi hakutia sahihi, Mpogoro hakutia sahihi. Walikuwa nje ya sheria kabla vita havijaanza.

Na vita vilipoanza, Julai 1905, askari wengi wa Mjerumani walikuwa na bunduki ya zamani ya mwaka 1871, inayotupa bonge la risasi tupu lenye upana wa milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi, halina ganda. Azimio la The Hague lilitaja hasa risasi zenye ganda lisilofunika pote. Hili bonge halikutajwa kwa jina. Hivyo Mjerumani aliweza kusimama Ulaya akiwalaumu Waingereza kwa ukatili, na huku kwetu akapiga kwa risasi laini na kwa bombomu, kisha akachoma ghala na mashamba. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wengine wanafikisha 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa.

Sasa twauliza wanaocheka. Maji ya Kinjekitile yaliwaunganisha makabila ambayo jana yake yalikuwa yakiwindana. Wangoni na majirani zao tunajua historia yetu. Kuamini maji hakukumzuia Nduna Songea Mbano asijue anapigania nini. Lakini wale waliokaa The Hague wakaandika kwamba mwili wa mtu mmoja una haki na wa mwingine hauna, hao huitwa mabingwa wa sheria, na vitabu vya shule haviwacheki.

Tusiseme mambo haya yamekwisha. Mkataba wa Roma wa 1998 ulifanya kutumia risasi hizi katika vita vya mataifa kuwa kosa la jinai, na mwaka 2010, hapa jirani Kampala, nchi wanachama zilikubaliana kosa hilo lienee hata kwenye vita vya ndani ya nchi. Ni hatua njema. Lakini sheria za vita hazigusi kazi ya polisi, na polisi wa nchi nyingi za Ulaya na Marekani hutumia risasi zinazopanuka. Wanasema haipenyi ikampiga mpita njia aliye nyuma, na hoja hiyo ina uzito, hatuikatai. Hata hivyo hatuoni vyema kwamba risasi iliyokatazwa kumpiga adui mpakani iruhusiwe kumpiga mwananchi barabarani bila Bunge kuulizwa.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Walimu wa Ruvuma wafundishe azimio la 1899 pamoja na habari ya maji, somo moja. Makumbusho ya Maji Maji yaweke risasi ile ya milimita 11 mbele ya macho ya watoto, na maneno ya Jenerali Ardagh ubavuni mwake. Na Rais Steinmeier wa Ujerumani, aliyekuja hapa Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, akumbushwe kwa barua ya wananchi kwamba kichwa cha Nduna Songea Mbano, kinachoaminika kupelekwa kwao, bado tunakidai.