Mabaki ya Samaki Lushoto: Kwanza Chungu, Kisha Banda la Kuku, Mwisho Shamba

Na Mwandishi Wetu

Wilaya ya Lushoto haina bahari wala ziwa kubwa. Mji wake uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Mombo, kwenye barabara kuu, gari hupanda takribani kilomita 33 za kona kupitia Soni kabla ya kufika sokoni. Vyanzo vya samaki vilivyo karibu ni pwani ya Tanga na maji ya Bonde la Mto Pangani, likiwamo Bwawa la Nyumba ya Mungu. Dagaa wengi wakavu wanaoliwa nchini hutoka mbali zaidi, katika Ziwa Victoria. Kwa hiyo, ukiwaacha wachache wanaofugwa kwenye mabwawa ya huko huko, kila samaki anayeuzwa katika Milima ya Usambara amelipiwa nauli. Nauli hiyo hulipwa kwa uzito wa samaki mzima: kichwa, mifupa, magamba, matamvua na utumbo.

Hapo ndipo lilipo suala linalostahili kutazamwa upya. Samaki anapochukuliwa minofu peke yake, nyama inayopatikana huwa chini ya nusu ya uzito wake; kwa perege hukaribia theluthi moja tu. Hata anapopikwa mzima, magamba, matamvua na utumbo hubaki mezani kwa mchuuzi. Mabaki hayo yanapoishia jalalani au mtaroni, mwananchi wa milimani hupoteza kitu alichokwisha kukinunua na kukisafirisha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2020 kwamba takribani asilimia 35 ya mazao ya uvuvi na ufugaji wa viumbe maji duniani hupotea au kutupwa kila mwaka.

Wananchi wanaofuatilia taarifa za Serikali wamesikia mara nyingi kuhusu lishe ya watoto, ruzuku ya mbolea na utunzaji wa vyanzo vya maji. Mambo haya matatu hutangazwa kwa nyakati tofauti na wizara tofauti, lakini katika meza ya mchuuzi wa samaki hukutana. Jambo linaloyaunganisha ni utaratibu wa matumizi. Kinachoweza kuliwa na binadamu kiende chunguni. Kisicholiwa kiende kwa mifugo. Kilichobaki kiende shambani. Utaratibu huo ukigeuzwa, faida hupungua, na wakati mwingine madhara huzidi faida.

Tuanze na chungu. Utafiti wa Hali ya Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Kiwango hicho kimeshuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/2016, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Kichwa cha samaki kina nyama, mafuta na madini, na mifupa laini ikichemshwa kwa muda mrefu huongeza madini ya chokaa katika supu. Hicho ni chakula kamili, na hakipaswi kuhesabiwa kuwa taka.

Nchi yetu ina historia ya kutosha kuhusu jambo hili. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kusafirisha bidhaa nje kutoka Mwanza, mafremu ya samaki yaliyobaki yalipata jina la mapanki, na ng'ambo ya mpaka, Kisumu, yakaitwa mgongo wazi. Filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004 iliyaonesha mapanki kama ishara ya ufukara, na mwaka 2006 Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Jakaya Kikwete, aliikosoa hadharani. Mjadala ule ulijikita katika heshima ya nchi. Swali lenye uzito kwa mlaji lilikuwa jingine: je, mapanki hayo yamehifadhiwa kwa usafi? Nchini Iceland, vichwa vya samaki aina ya cod hukaushwa kwa joto la ardhini na kuuzwa Nigeria, ambako hupikwa kwenye supu, na hakuna anayeiita biashara hiyo ya aibu. Na hapa kwetu, bondo la sangara, ambalo zamani halikuthaminiwa, leo huuzwa kwa bei inayozidi ya minofu kwa kilo kutokana na soko la China na Hong Kong.

Hatua ya pili ni banda la kuku. Wafugaji wengi nchini hutegemea dagaa kama chanzo cha protini katika chakula cha kuku, na dagaa hao hao ndio kitoweo cha kaya zenye kipato kidogo. Kwa maneno mengine, kuku na mtoto wanagombania gunia moja. Katika wilaya ya milimani, ambako gunia hilo limeongezewa gharama ya usafiri, ushindani huo unaumiza zaidi. Utumbo, matamvua na chenga zinazobaki chini ya magunia, vikitayarishwa vizuri, vinaweza kuchukua sehemu ya nafasi ya dagaa katika chakula cha kuku. Hilo ndilo jambo kubwa katika mada hii: faida ya mabaki ni pamoja na dagaa ambao hawatalazimika kusagwa.

Matayarisho yake hayahitaji mtambo. Mabaki hukusanywa siku hiyo hiyo, huoshwa, huchemshwa kwa muda usiopungua nusu saa ili kuua vimelea, kisha huchujwa na kuanikwa juu ya kichanja badala ya ardhini. Yakikauka kabisa husagwa na kuchanganywa na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Kwa kawaida unga wa samaki hauzidishwi zaidi ya sehemu moja katika kila kumi za chakula cha kuku. Ukizidi, nyama na mayai huchukua harufu ya samaki na mfugaji hukosa wateja. Mabaki ya samaki wa chumvi yasitumike kabla ya kulowekwa na kumwagwa maji, kwa kuwa chumvi nyingi huweza kuua kuku. Aidha, katika miezi ya ukungu na mvua, ambapo jua la Lushoto halitoshi kukausha, ni salama zaidi kuyapeleka mabaki kwenye mboji kuliko kuyahifadhi yakiwa na unyevu na kuota ukungu.

Wafugaji wa samaki nao wanahitaji tahadhari. Ufugaji wa perege si mgeni katika ukanda huu: majaribio ya kwanza nchini yalianza mwaka 1949 Korogwe, chini ya milima hii, pamoja na Malya mkoani Mwanza. Kutupa utumbo mbichi bwawani kwa kudhani ni chakula cha bure huchafua maji, hupunguza oksijeni na huweza kueneza magonjwa kutoka samaki mmoja hadi mwingine.

Hatua ya mwisho ni shamba. Lushoto inajulikana kwa kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya na hoho, mazao yanayolimwa kwenye miteremko mikali na kuvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wakulima wake wana uzoefu mrefu wa kupambana na mmomonyoko. Mradi wa SECAP, ulioanza mwaka 1981, ulihimiza makinga maji, upandaji wa majani ya malisho kwenye kingo, ufugaji wa ndani na matumizi ya samadi. Mboji yenye mabaki ya samaki inaingia katika desturi hiyo hiyo. Magamba na mifupa vina fosforasi na chokaa, virutubisho vinavyohitajika hasa katika udongo wenye tindikali wa maeneo ya mvua nyingi.

Mabaki ya samaki huwekwa katikati ya rundo, yakifunikwa kwa tabaka nene la mabua, majani makavu au maranda, ili harufu isiwaite mbwa na nzi. Rundo likijengwa vizuri hufikia nyuzi joto 55 au zaidi, joto linaloua vimelea vingi likidumu kwa siku kadhaa. Kwa sababu ya baridi ya milimani, rundo dogo hupoa upesi. Ni vyema kaya mbili au tatu zikaunganisha nguvu. Mboji hii haichukui nafasi ya mbolea ya ruzuku, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindulia mpango wake mkoani Mbeya tarehe 8 Agosti, 2022. Huisaidia mbolea hiyo ikae kwenye udongo badala ya kusombwa na mvua.

Upande wa maji, sheria iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, na imeweka ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa ili kulinda vyanzo vya maji dhidi ya shughuli za kudumu zinazoviharibu. Maji ya Usambara hushuka kwenda Bonde la Pangani na Mto Umba, na huko chini kuna watu wanaoyanywa. Utumbo unaotupwa mtaroni Lushoto unakuwa tatizo la jirani wa bondeni.

Kwa nini basi mabaki bado hutupwa? Sababu si ujinga. Mchuuzi mmoja hupata mabaki kidogo kwa siku, huoza kwa saa chache, na hana mahali pa kuyaweka. Mfugaji anayeyahitaji hajui yanapatikana wapi na saa ngapi. Pengo hilo linazibwa sokoni. Ndoo mbili zenye mifuniko katika kila meza, moja ya vichwa na mifupa, nyingine ya utumbo na matamvua, pamoja na kikundi kimoja kinachopita kuzikusanya kabla ya jioni, vinatosha kuanza. Mabaki yakishachanganyika na plastiki na taka nyingine, thamani yake imekwisha.

Fursa ya mtaji ipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha ukusanyaji wa mabaki ya samaki kinaweza kuandaa andiko na kuomba. Hata hivyo, anayetengeneza kwa matumizi ya nyumbani na anayeuza hawako katika hali moja. Mbolea ya kuuzwa husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA) chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, na vyakula vya mifugo vya kuuzwa vina sheria yake ya mwaka 2010. Ni busara kikundi kionane na maafisa ugani wa uvuvi, mifugo na kilimo wa kata kabla ya kuweka bidhaa sokoni.

Mabaki ya samaki hayatamaliza udumavu wala kuondoa gharama za pembejeo katika Milima ya Usambara. Kiasi chake ni kidogo, na samaki wenyewe ni wachache kuliko wanavyohitajika. Lakini uchache huo ndio sababu ya kuwatumia wote. Wananchi wanashauriwa kuanza na kilicho mikononi mwao: kutenganisha mabaki siku ile ile, kuchemsha ya mifugo, kufukia ya mboji na kutotupa chochote mtoni. Nazo kamati za masoko na serikali za vijiji zinahimizwa kuliweka suala la ndoo na ukusanyaji katika ajenda za vikao vyao vya kawaida.