Mwacheni Mtoto Acheze, na Mkae Karibu Naye

Wazazi wa Masese hapa Jinja, mlioko mtaa wa Danida na mlioko kwenye vibanda vya karibu na ziwa, na nanyi wenzetu wa Namatala kule Mbale, leo nina neno nanyi. Mnaamka kabla ya jua, mmoja anakwenda kwenye samaki, mwingine kiwandani, mwingine sokoni. Mkirudi mnamkuta mtoto wa miaka miwili amemwaga maji ya jerikeni, ameyakoroga na udongo, na amejipaka mpaka kichwani. La kwanza ni kelele. La pili, mara nyingi, ni kofi. Jirani naye huongeza lake: "Huyu mpelekeni nasari akatulie." Mimi nayapinga yote matatu.

Mtazameni vizuri kabla hamjampiga. Amejaza kikombe, amekimwaga, amekijaza tena. Hawezi kuwaelezeni anachofanya, lakini mkono wake umekwisha kujua kwamba kikombe kikubwa hakiingii ndani ya kidogo, na kwamba mchanga mkavu hupukutika ilhali uliolowa hushikamana. Kesho mtamwona amefunga gunzi la mahindi mgongoni, analibembeleza lilale. Msicheke mkapita. Mtoto anayeweza kulifanya gunzi kuwa mtoto mchanga amekwisha kukubali kwamba kitu kimoja chaweza kusimama mahali pa kingine, na bila kukubali hilo hataelewa kamwe kwa nini alama iliyochorwa ubaoni iitwe "a". Kusoma kwake kumeanza hapo uani, miaka mingi kabla ya kalamu.

Wala haya si maneno ya ugenini. Mwaka 1954, mwaka uleule Malkia Elizabeth alipokuja kwetu Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa akizuru nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Alifuatana na akina mama 26, akiketi nao sebuleni na kuwaangalia watoto wao. Aliona kwamba mtoto mwenye hakika kuwa mama yupo hupata ujasiri: hutambaa mpaka pembeni, hushika, huchungulia, hurudi kumgusa mama, kisha huondoka tena. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na walimu wa malezi duniani wangali wanafundisha aliyoyaona kwa mama zetu. Jinja hulikumbuka bwawa; ziara zile nazo zilistahili kukumbukwa.

Mtaniambia: hayo ni ya wenye nafasi, sisi tunatafuta chakula. Basi sikilizeni habari ya Kingston, Jamaika, mji wenye mitaa maskini kama yetu. Mwaka 1986 na 1987 walichukuliwa kwa utafiti watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya, waliomwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa hivyo walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa. Ni saa moja kwa wiki, ndugu zangu, na mwanasesere wa dukani hakuhitajika.

Kwa hiyo mama anayeanika mukene na aendelee kuanika, ila ampe mtoto beseni lake na visamaki vichache, amwambie: hiki kirefu, hiki kifupi, nipe kingine. Anayefua amwachie kitambaa naye afue. Semeni naye kwa lugha mnayotaniana nayo, iwe Lusoga, Kikaramoja au Kiswahili. Kiingereza cha kubahatisha hakimwongezei kitu. Akijibu kwa sauti isiyo na maana, mjibuni kana kwamba imesemwa hoja. Nanyi akina baba, mrija wa pombe ya malwa unaweza kungoja robo saa. Jifunikeni kitambaa usoni mtoto awafichue, mpaka achoke yeye, si nyinyi.

Lakini kumwacha acheze si kumtelekeza. Ziwa liko hatua chache, sigiri ina makaa, na mafuta ya taa tunayatia katika chupa za soda kana kwamba tunawawekea watoto mtego. Beseni la maji lililosahauliwa linatosha kumzamisha mtoto mdogo, na kizibo cha chupa kinatosha kumkaba. Kazi hiyo ya ulinzi msimtwike dada mwenye miaka saba kutwa nzima. Naye ni mtoto, naye anataka kucheza.

Wapenda kofi hutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni sawa, lakini watu wa Masese mnamjua samaki kuliko sisi waandishi: hata mbichi, ukimkunja kwa hasira anapasuka. Mtoto aliyepigwa kwa kumwaga maji hajifunzi thamani ya maji. Anajifunza kutogusa kitu wewe ukiwepo.

Imebaki nasari. Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinataja mchezo kuwa haki. Hata hivyo ziko nasari ambamo mtoto wa miaka mitatu hukaa kwenye benchi tangu asubuhi akinakili herufi, na mzazi hufurahi kuona daftari limejaa. Wa miaka miwili kaeni naye nyumbani mkiweza. Wa mitatu, kabla ya kulipa, nendeni mkaulize: watoto hapa huchezea wapi, na nani hucheza nao? Mkionyeshwa madawati tu, rudini nyumbani na karo yenu.